Maswali yanayoulizwa sana: kuharakisha asinki ya Python kwa ekstensheni zilizokompailiwa

Kamwene wadau wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, wengine habari zenu. Haya maswali yanajirudia kila tukikutana, mengine nimeulizwa kwenye foleni ya bajaji pale Kabwe mvua inanyesha, nikaona niyaandike mara moja yakae hapa. Mi nina programu ndogo ya bei za masoko, inakusanya bei za viazi, mpunga, parachichi na maharage halafu asubuhi inawatumia wakulima SMS, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko. Na nikisema kodi humu ni ile ya kompyuta, siyo ya TRA, msikimbie.

Asinki ni kitu gani, kwa mtu ambaye hajawahi kuiandika?

Mcheki mama lishe wa Mwanjelwa saa nne asubuhi. Maharage yako motoni, yanataka saa nzima na zaidi, hakai ameyakodolea macho, anakata kabichi, anasonga ugali, anachochea mkaa, mara anapokea hela ya mteja, anarudi kwenye maharage. Mtu mmoja, mikono miwili, sufuria tano zinaenda. Siyo kwamba ana mbio sana, ila maharage hayamhitaji wakati yanachemka.

Kwenye Python yule mama ndo lupu ya matukio, na neno `await` ndo kule kuiacha sufuria na kwenda nyingine. Kwenye Linux kuna kitu kinaitwa epoll ambacho lupu inakiuliza "kipi kimeiva?", inapewa majibu, inahudumia vilivyoiva, inauliza tena. Sasa mama huyo ukimpa kinu atwange karanga robo saa bila kuachia mchi, sufuria zote zinaungua. Kumbuka hiyo ya kinu, tutairudia mpaka uichoke.

Kwani asinki ya Python yenyewe haitoshi? Mpaka tuongeze vitu vya kukompaili?

Kwa wengi inatosha, niseme ukweli. Moduli ya `asyncio` iliingia na Python 3.4 mwaka 2014, maneno `async` na `await` yakaja na 3.5 mwaka 2015, na kwenye 3.6 wakachukua vile vitu viwili vinavyotumika kila sekunde, Future (jibu linalosubiriwa) na Task (kazi ambayo lupu inaiendesha, mi naiita taski), wakaviandika upya kwa lugha ya C. Yani we unayesema hutumii ekstensheni unaitumia kila siku bila kujua, iko humohumo ndani kwa jina la `_asyncio`.

Kilichobaki kwa Python ni lupu yenyewe, ile kuzunguka na kuita kazi moja baada ya nyingine, kusoma na kuandika kwenye soketi, ile milango ya mtandao. Ukiwa na miunganisho mia moja husikii kitu. Ikifika maelfu, na kila mmoja anatuma vijibarua vidogovidogo, hapo ule mzunguko unaanza kula prosesa.

Ekstensheni iliyokompailiwa ndo nini hasa?

Kutwanga mpunga kwa kinu na kupeleka mashineni. Mpunga ni uleule wa Kyela, mchele ni uleule, tofauti ni nani kaukoboa. Python inasoma maelekezo yako hatua kwa hatua na kila hatua inauliza "hii ni namba au ni neno? kuna mtu bado anaishika?". Kodi ya C au Rust (lugha nyingine hiyo) iliyokompailiwa, yani iliyogeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine, maswali hayo ilishayamaliza zamani, kazi yake ni kukoboa tu. Wewe unai-`import` kama moduli nyingine yoyote.

Njia za kuitengeneza ni nyingi: C moja kwa moja, Cython ambayo inafanana na Python ila inageuzwa kuwa C, na siku hizi Rust kwa kupitia PyO3, daraja la kuiunganisha na Python. Mi napenda Cython kwa sababu naweza kuanza na faili langu lilelile la Python na kubadilisha fankisheni moja tu, nikalala, kesho nikaendelea. Wanaopenda Rust watanisema, poa tu.

uvloop ni nini, na naiwekaje?

Ni lupu mbadala, imeandikwa kwa Cython juu ya libuv, ambayo ni maktaba ya C inayotumika ndani ya Node.js, ile ya kuendesha JavaScript kwenye serva. Ilitoka 2016, wameitengeneza watu wa MagicStack, na wenyewe wanasema inaenda mara 2 hadi 4 zaidi ya lupu ya kawaida. Kuiweka ni `pip install uvloop`, halafu pale ulipoandika `asyncio.run(main())` unaandika `uvloop.run(main())`. Basi. Kodi yako nyingine huigusi. Kama toleo lako ni la zamani na halina `run`, unaita `uvloop.install()` kabla ya kuanza.

Kama unatumia Uvicorn, ile serva ya wavuti ya Python, na uvloop imo kwenye mazingira yako, inajishikia yenyewe.

Nimeweka uvloop, mbona hamna kilichobadilika?

Hili ndo swali namba moja, na watu huwa wananiuliza kwa hasira kabisa kama vile mi ndo nimewauzia. Sasa tulia.

Tuseme una wakulima 1,200 na kila SMS moja mtoa huduma anachukua sekunde moja na nusu kujibu. Ukiandika hivi:

`for m in wakulima: await tuma(m)`

umeandika asinki kwa macho tu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, 1,200 mara sekunde 1.5 ni sekunde 1,800, nusu saa nzima. Hapo hata ukiweka uvloop, hata ukikodi serva ya mamilioni, ni nusu saa ileile, kwa sababu muda wote ni wa kusubiri maharage yaive, na hakuna kompaila inayoivisha maharage. Dawa yake haigusi C hata kidogo: zipeleke pamoja kwa `asyncio.gather`, ila weka mlango wa `asyncio.Semaphore(50)` zipite hamsini kwa wakati. Nusu saa inageuka sekunde 36 kwa hesabu ya karatasi. Na usiziachie zote 1,200 kwa mpigo, mtoa huduma atakufungia, nimefungiwa Jumamosi moja asubuhi na simu za wakulima zikaanza kuingia, sitaki kuikumbuka.

Kwa hiyo uvloop inasaidia pale lupu yenyewe ndo imelemewa. Kama lupu imekaa bure inasubiri mtandao, unambadilishia viatu mtu aliyekaa.

Nitajuaje basi kama nalemewa au nasubiri?

Cha kwanza fungua `top` au `htop` kwenye terminali, uangalie prosesa inatumika kiasi gani. Programu inachelewa na prosesa iko asilimia 3? Unasubiri, kashughulike na mtandao, database, mpangilio. Programu inachelewa na kore moja iko asilimia 100? Sawa, karibu kwenye ukurasa huu.

Cha pili washa hali ya uchunguzi, weka `PYTHONASYNCIODEBUG=1` mbele ya komandi. Hapo asyncio inakulalamikia kila mara kitu kinapoishika lupu zaidi ya milisekunde 100, na inakutajia ni taski gani. Ukiona 100 ni nyingi, punguza kwa `loop.slow_callback_duration`. Usiiache imewashwa kwenye serva ya kazi maana nayo ina uzito wake.

Cha tatu ni py-spy, hii inachungulia programu inayokimbia bila kuizima na kuianzisha upya, `py-spy top --pid` halafu namba. Mi ndo iliyonionyesha kwamba kwenye ile programu yangu ya bei, SMS niliyokuwa naituhumu miezi yote haikuwa na kosa, muda ulikuwa unaliwa na kusoma faili la Excel ambalo mtu mmoja wa sokoni ananitumia kila alfajiri, lina miaka yake sita humo ndani na rangi za njano. Lupu ilikuwa inaganda kama sekunde nne nzima, na kwa sekunde nne hizo hata anayefungua ukurasa wa bei anaona kimya.

Nimeandika ekstensheni yangu kwa Cython, ina mbio kweli, lakini lupu bado inaganda. Kosa liko wapi?

Hapa kaa vizuri, ndo penyewe.

Unaijua Kitonga, ule mlima wa Iringa. Ukitoka Ruaha Mbuyuni unapanda kwenda Ilula, lori moja likikatika kwenye kona, nyuma yake kila kitu kinasimama, na basi jipya lenye injini kali nalo linasimama, dereva anashuka ananunua vitunguu. Barabara ni moja. Python ya kawaida nayo ina barabara moja, inaitwa GIL, ni kufuli: programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa, yani watendaji kadhaa ndani yake, ila uzi ulioshika kufuli ndo unaoendesha Python, nyingine zinangoja.

Uzi unaoendesha Python ya kawaida huwa unaombwa kuachia kufuli kila milisekunde 5 hivi. Lakini ukishaingia kwenye kodi ya C, hakuna anayekuomba. C inashika kufuli mpaka imalize au mpaka yenyewe iamue kuachia. Yani ekstensheni yako yenye mbio inaweza kuwa lori baya zaidi Kitonga kuliko Python yako ya zamani, kwa sababu ile ya zamani angalau ilikuwa inapisha.

Mi nilikosea mara mbili mfululizo. Nilikuwa na fankisheni ya kujumlisha safu ndefu ya bei, nikaiandika hivi:

`cdef double jumlisha(double[:] bei) noexcept nogil:`

na ndani ni `for` ya kawaida, `jumla += bei[i]`. Nikaiita ndani ya fankisheni nyingine, `hesabu`, chini ya `with nogil:` nikajisifu nimeachia kufuli. Lupu ikaganda vilevile. Kwa nini? Kwa sababu hiyo `hesabu` nilikuwa naiita moja kwa moja kutoka kwenye taski, yani uzi wa lupu wenyewe ndo uliokuwa humo ndani unajumlisha. Kufuli liko wazi mezani ila mama lishe mwenyewe yuko kwenye kinu, nani alichukue?

Nikasema sawa, nikaipeleka kwenye uzi mwingine kwa `await asyncio.to_thread(hesabu, bei)`, hii ipo tangu Python 3.9. Lakini usiku ule nilikuwa nimefuta ile `with nogil` nikidhani haina kazi. Ikaganda tena! Safari hii mtwangaji ni mtu mwingine, sawa, ila kaondoka na ufunguo wa jiko.

Vinatakiwa vyote viwili: ekstensheni iachie kufuli, na kazi ipelekwe kwenye uzi wa pembeni. Kwenye Cython ni `with nogil`, kwenye C ni `Py_BEGIN_ALLOW_THREADS` na mwenzake wa kufunga. Na ukishaachia kufuli usiguse kitu chochote cha Python, si orodha, si kamusi, si neno, shughulika na namba tupu na kumbukumbu uliyoishika mwenyewe. Cython itakukatalia mapema, C haikatai, inakuacha ufe mbele ya safari.

Kuna maktaba ambazo tayari zinaachia kufuli?

Zipo, na ndo maana kabla hujaandika chako angalia kwanza. NumPy, ile ya mahesabu ya safu za namba, inaachia kwenye mahesabu yake mengi. `zlib` inaachia ikibana data. `hashlib`, ile ya kutengeneza alama ya utambulisho ya data, inaachia data ikizidi baiti 2,047, chini ya hapo haioni haja. Hizo unaziweka kwenye `to_thread` na unapata faida halisi bila kuandika mstari wa C.

Na JSON? Na database?

JSON ni ule mtindo wa kuandika data kama maandishi ili programu zipeane. orjson ni maktaba yake iliyoandikwa kwa Rust, ina mbio kuliko `json` ya kawaida, ila jua vitu viwili: `orjson.dumps` inarudisha baiti, siyo neno, wengi wanaangukia hapo, na inashika GIL muda wote wa kazi. Kwa ujumbe mdogomdogo hilo halina shida, inamaliza kabla hujapepesa. Kwa faili kubwa mno igawe vipande.

Kwa PostgreSQL kuna asyncpg, Cython nayo, ya watu walewale wa uvloop. Inaongea na database kwa lugha yake ya baiti badala ya kupitia maandishi. Kwa kweli kwangu hii ndo iliyobadilisha maisha kuliko uvloop.

Nimegeuza kafankisheni kadogo kuwa C, mbona kamekuwa kazito kuliko mwanzo?

Tunduma. Kila kuvuka mpaka kuna gharama zake, karatasi, mihuri, foleni. Ukivusha lori la tani 30 gharama ya mpaka inapotea ndani ya mzigo. Ukivusha gunia mojamoja kwa bodaboda mara elfu, umekula faida yote kwenye foleni. Kila ukiita C kutoka Python, namba zako zinafunguliwa kutoka kwenye maboksi ya Python, zinatumika, zinafungwa tena. Kwa hiyo usiite C mara elfu 50 kwa bei mojamoja, ipe safu nzima ya bei elfu 50 mara moja. Ndo maana ile fankisheni yangu hapo juu inapokea `double[:]`, mzigo mzima.

pip imenikatalia, inasema imeshindwa kujenga. Nifanyeje?

Mara nyingi sababu ni kwamba hakuna kifurushi kilichokwisha kukompailiwa kwa mashine yako, wenyewe wanaita wili, sasa pip inajaribu kukompaili kwako na huna zana. Kwenye Ubuntu au Debian weka `build-essential` na `python3-dev`, jaribu tena. Kama Python yako imetoka juzi tu, rudi toleo moja nyuma, wili za toleo jipya huwa zinachelewa. Kama unatumia Alpine kwenye kontena, ile Linux ndogo, inatumia maktaba ya msingi ya C iitwayo musl badala ya glibc, wili za kawaida za Linux haziingii, inabidi ziwepo za kwake maalumu. Mi niliachana na Alpine, nafuu ya ukubwa haikulipa usumbufu.

Serva ndogo yenye RAM ya MB 512 nayo inaweza kufa katikati ya kukompaili bila maelezo, unaona tu neno "Killed". Kompaili kwenye kompyuta yako kwa `pip wheel`, hakikisha Python ni toleo lilelile na mfumo ni uleule, halafu hamisha faili. Na kwa wa kijijini ambako bando ni la mawazo, `pip download` ukiwa mjini, weka kwenye flashi, nyumbani unaweka kwa `--no-index --find-links`. Dada mmoja wa Makambako ndo anavyofanya kila mwisho wa mwezi, anapita mjini na flashi yake.

Natumia Windows.

uvloop haipo Windows. Tumia WSL, ile Linux inayokaa ndani ya Windows, au endelea na asyncio ya kawaida kwenye laptopu na uvloop kwenye serva ya Linux, kodi ni ileile.

Nasikia GIL imeondolewa, si basi yameisha haya?

Bado kidogo. Python 3.13, Oktoba 2024, ilileta toleo la pembeni lisilo na GIL kwa majaribio, ni lile pendekezo la mabadiliko ya Python namba 703 (PEP 703), na 3.14 ikalitoa kwenye majaribio likawa linaungwa mkono rasmi, ila bado ni chaguo, siyo la kawaida. Na angalia mtego: ukiliwasha halafu uka-`import` ekstensheni moja ya zamani ambayo haijatangaza kwamba inaliweza, Python inairudisha GIL yenyewe na kukupa onyo tu. Moduli moja tu. Halafu hata bila GIL, ukitwanga ndani ya uzi wa lupu, lupu inaganda. Kinu ni kinu.

Si bora nihamie lugha nyingine, Go, tu?

Hamia kama una muda na hakuna mtu anayesubiri SMS kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mi wakulima wangu wanasubiri.

Programu inakufa ghafla, hakuna kosa, hakuna maelezo, inarudi tu kwenye terminali.

Mwee, karibu kwenye C. Hiyo ni ekstensheni imegusa kumbukumbu isiyo yake, na Python hata haikupata nafasi ya kulia. Endesha kwa `python -X faulthandler bei.py`, ikifa safari nyingine itakuandikia kila uzi ulikuwa mstari gani wa Python. Haikwambii kosa la ndani ya C, ila inakwambia mlango uliopitia, inatosha kuanzia.

Halafu kwenye Cython angalia kama uliweka `boundscheck=False`, ile ambayo kila mafunzo ya mtandaoni yanakwambia weka utapata mbio. Mi niliiweka siku ya kwanza kabla hata fankisheni haijatoa jibu sahihi. Siku ambayo soko moja halikuleta bei, safu ikaja tupu, nikasoma `bei[0]` ambayo haipo, programu ikazimika saa kumi alfajiri bila neno. Siku hizi nauacha ukaguzi umewashwa mpaka majaribio yote yapite, pamoja na lile la safu tupu, ndo nauzima.